Gari Litawangoja Sinema

Kijiko kiligonga kikombe mara tatu gizani, kikanyamaza. Mama Chiriku alikuwa macho chini ya shuka, akajua kwa nini kimenyamaza. Mumewe alikuwa ameacha kukoroga chai ili asikilize kifua cha mtoto. Naye akabana pumzi, wakasikiliza wote wawili, mmoja kitandani, mwingine kwenye kigoda kando ya jiko, mpaka wakahakikisha kwamba pumzi za binti yao zinaingia na kutoka bila ile filimbi wanayoijua. Kijiko kikaanza tena.

"Umelala?" mume akanong'ona.

"Ningekuwa nimelala ungenisikia nikijibu?"

"Basi amka unisikilize. Wageni sita, wakunga, wanashuka treni ya alfajiri. Saa moja na nusu niko Sinema na kibao mkononi. Nimekosea wapi?"

"Hujakosea." Mama Chiriku akakaa kitandani. "Lakini moyo haujatulia, Baba Chiriku. Tangu juzi naona kama kuna kitu nimekiandika vibaya."

"Kile kijitabu? Umekisoma mpaka mtoto amekihifadhi. Jana kaniambia nisisahau kubeba mwavuli kwa sababu jioni kuna manyunyu. Ukurasa wa nne."

Mama Chiriku alicheka kidogo, lakini kicheko hakikufika mbali. Kijitabu chenyewe kilikuwa mezani hata sasa, jalada la buluu, Taarifa kwa Washiriki. Ukumbi uko wapi, mtu afikaje, alale wapi, dawa anunue wapi, avae nini. Kurasa kumi na mbili, na kila neno lilikuwa lake. Miezi mitatu ya majaribio katika ofisi ya kuandaa mikutano ilikuwa inaishia leo. Jumatatu Mratibu angeamua, ama ampe mkataba wa kudumu wenye bima ya familia, ama amshukuru kwa kazi njema na kumfungulia mlango.

"Pampu ya pumu imebaki mivuto mingapi?" mume akauliza.

"Kumi na minane. Jana usiku amevuta miwili."

"Inatosha mpaka Jumatatu."

"Asipobanwa tena."

Mume akainua kikombe. Akamalizia chai kwa funda moja, akachukua funguo za gari la kukodi la viti saba ambalo Mama Chiriku mwenyewe ndiye alimwombea nafasi ya kubeba wageni wa mkutano, akatoka akiwa amezishika kwenye kiganja zisilie.

* * *

Chekechea haifunguliwi Jumamosi, na jirani aliyezoea kumshika mtoto alikuwa amesafiri, kwa hiyo wakaondoka wawili. Chiriku alikuwa na miaka mitano na mdomo usiojua likizo. Aliongea toka mlangoni mpaka njia panda, akaongea kupita kwenye duka la dawa, na walipofika Sinema akapiga ukelele.

"Baba! Yule pale baba!"

Gari lilikuwa limeegeshwa kando, na Baba Chiriku amesimama mbele yake, shati limepigwa pasi, kibao kimeandikwa KARIBUNI WAKUNGA kimeshikwa kifuani kama picha ya harusi. Nyuma yake mafundi wa makochi walikuwa wanatoa kazi zao nje, sofa moja imevikwa kitambaa, nyingine bado mbao tupu na sponji. Hapakuwa na mgeni hata mmoja.

"Bado?" Mama Chiriku akauliza.

"Sasa hivi ndiyo saa moja na nusu. Treni nazo. Nenda zako, usije ukachelewa."

Chiriku alikuwa anageuza shingo huku na huku. "Mama, hapa ndipo Sinema?"

"Ndipo."

"Sinema iko wapi?"

"Ilivunjwa zamani, hata sijaolewa."

"Sasa mbona mnaita Sinema? Si kuna makochi tu?"

"Ni jina tu, mwanangu. Twende."

Fundi mmoja mwenye misumari midomoni akacheka. "Mtoto ana swali zuri huyo. Tangu nimefungua hapa naambiwa niko Sinema, sijawahi kuona hata tangazo."

Wakacheka wote. Mama Chiriku naye akacheka, akamshika mtoto mkono. Alikuwa amekwisha kuvuka barabara alipohisi wazo likimpita akilini, na kabla hajalishika likawa limepotea.

* * *

Mlinzi wa ofisi alimsukumia daftari la wageni kama kila siku. Waajiriwa wa kudumu walipita wakionyesha beji. Mama Chiriku, baada ya miezi mitatu, bado aliandika jina, saa ya kuingia, na kwenye safu ya 'Umekuja kumwona nani' aliandika 'kazini'.

"Na huyu?" mlinzi akamwonyesha Chiriku kwa kidevu.

"Wangu."

"Najua ni wako. Naye anakuja kumwona nani?"

"Namwona Mratibu," Chiriku akasema.

"Haya, mheshimiwa, pita."

Mratibu hakucheka. Alikuwa mama wa makamo, miwani ikining'inia kwa mnyororo shingoni, na asubuhi hiyo alikuwa akizungumza na simu mbili. Akamtazama mtoto, kisha mama yake. "Hapa si chekechea, wewe wa majaribio."

"Samahani, mama. Atakaa chini ya meza, hutamsikia."

"Nisimsikie kweli."

Chiriku akaingia chini ya meza na kijitabu chake na kalamu ya rangi. Kwa zaidi ya saa nzima akachora. Kisha simu ya mezani ikalia, ile ambayo namba yake iko ukurasa wa mwisho, inayoanza kupokewa saa tatu. Ilikuwa saa tatu na dakika moja.

Mama Chiriku akaipokea. Sauti nzito ya mwanamke, iliyojaa barabara na magari, ikampasukia sikioni. "Hatimaye! Nimepiga mara ishirini, mpaka simu yangu imezima, hii nimeazima! Tuko wakunga watano hapa, tumechoka, hatujaona gari wala dereva! Tangu saa moja na nusu mpaka sasa!"

"Mko wapi, mama?"

"Tuko wapi! Tuko mlipotuambia tuwe! Sinema!"

"Lakini dereva yuko Sinema..."

"Mwanangu, mimi nimesimama chini ya bango la filamu, jumba lote la vioo, mlango umefungwa, mfagiaji anatutazama kama sisi ni wezi. Kama hii si sinema, ni nini?"

Sasa lile wazo lililompita barabarani likarudi, na safari hii likakaa. Jumba la vioo. Ng'ambo ya pili ya mji, kulikojengwa maduka makubwa mwaka juzi, na ghorofa ya juu kabisa kweli palikuwa na sinema. Lakini nani aliyewahi kupaita hivyo? Pale ni Kioo. Watu wote wa mji husema 'nashuka Kioo', 'tukutane Kioo'. Na Sinema ni Sinema, kwenye makochi. Ila mgeni hajui. Mgeni ameita teksi kwa simu, akaandika neno kama alivyolisoma, na simu ikamtafutia sinema ya kweli.

Ukurasa wa tatu. *Kwa kuwa barabara ya ukumbini imefungwa kwa magari yasiyo na kibali, washiriki wanaotoka stesheni wachukue teksi mpaka Sinema. Gari litawangoja Sinema.* Aliandika mara mbili, ili wasikosee.

"Mama?" akasema, akiivuta orodha. "Umesema mko watano? Orodha yangu ina sita."

Kule upande wa pili pakasikika gari likipita. Kisha yule mwanamke akasema polepole, hasira zote zimemwishia, "Ndiyo hilo jingine. Mwalimu wetu hatumwoni. Alisema anakwenda kuuliza mara moja. Imepita saa nzima. Na amejichoma dawa yake ya sukari alfajiri kwenye treni bila kula, kwa sababu kijitabu kimesema chai itakuwa tayari mkifika."

* * *

Baba Chiriku aliwaleta wale watano saa nne kasoro. Mama Chiriku alimpigia simu yeye mwenyewe. "Njoo Kioo," alimwambia, "wako Kioo," na mume aliuliza mara moja tu, "Kioo?" kisha Mama Chiriku akasikia gari likiwashwa, akajua kwamba naye ameelewa.

Wageni wakapelekwa ukumbini. Mwalimu wao, mkunga mstaafu wa miaka sabini na mmoja aliyekuwa aufungue mkutano saa sita, hakuonekana. Simu yake haikupatikana. Watu wawili walitumwa kumtafuta Kioo, ghorofa kwa ghorofa, na kwenye mitaa ya jirani. Saa tano wakapiga kusema hawajapata hata mtu aliyemwona.

Mratibu akamwita dereva. Kulikuwa na viti vitatu vya kitambaa mbele ya meza yake. Baba Chiriku alipotaka kukaa, akamzuia kwa kiganja. "Simama tu, una vumbi la garini." Mlango ukabaki wazi. Mama Chiriku, mezani kwake, aliona mgongo wa mumewe na ile mistari ya pasi.

"Kibali cha gari tulikupa?"

"Mlinipa, mama."

"Saa uliyoambiwa unaijua?"

"Naijua."

"Sasa niambie, nielewe. Wanawake watu wazima, mabega yamewachoka kwa mizigo, wanasimama Sinema saa moja na nusu nzima. Wewe ulikuwa wapi?"

Mama Chiriku alisimama. Akafungua kinywa ili aseme. Mume hakugeuka, lakini alikuwa kama aliyemwona kwa kisogo.

"Nilipitiwa na usingizi, mama," akasema. "Nilichelewa. Nilipofika nikakuta watano."

Mratibu akavua miwani, akaiacha ianguke mpaka mwisho wa mnyororo. "Ulipitiwa."

"Ndiyo."

"Na bibi wa watu yuko barabarani na sukari yake, kwa sababu ulipitiwa."

"Nisamehe, mama."

"Toka. Kaa hapo koridoni. Asipopatikana, utawaeleza polisi hivyo hivyo."

Akatoka. Koridoni akaegemea ukuta, mikono nyuma. Mama Chiriku akamfuata, wakasimama karibu karibu kama watu wanaosubiri lifti.

"Umefanya nini?" akanong'ona.

"Nyamaza."

"Hukulala. Nilikuona kwa macho yangu, mwanao alikuona!"

"Gari nitapata jingine. Nitabeba mchanga, nitabeba kuku. Wewe ukitoka hapa, ile pampu tunainunua na nini? Mivuto kumi na minane, mke wangu. Kaa kimya mpaka Jumatatu."

"Na yule bibi?"

"Wanamtafuta. Watamwona."

"Wanamtafuta Kioo."

"Si ndipo alipopotelea?"

Mama Chiriku alitaka kukubali. Alitaka sana. Maneno ya mumewe yalikuwa yamefunguka mbele yake kama mlango wa nyumba yenye taa. Lakini tayari alikuwa anamwona yule bibi, kwa mavazi ya kumkisia tu, amekwenda kwa mfagiaji pale Kioo na kijitabu cha buluu mkononi. Ukurasa wa mwisho, mstari wa mwisho, ambao hakuna aliyemwagiza auweke, aliuweka kwa mapenzi yake: *Ukipotea, usiogope, muulize yeyote.* Sinema iko wapi, mwanangu? Na mfagiaji, mtu wa hapa hapa, atamjibu nini? Bibi, hapa ni Kioo. Sinema ni kule. Panda gari lile, uwaambie wakushushe Sinema.

"Hayuko Kioo," akasema.

"Nini?"

"Aliuliza. Kila aliyeulizwa amemwelekeza sawasawa. Yuko Sinema, au yuko njiani kwenda Sinema, na hakuna anayemtafuta huko, kwa sababu wewe umesema ulichelewa." Akamsogelea. "Uongo wako ndio unaomficha, Baba Chiriku. Na uongo wako ni wangu."

Mume akamshika mkono. Hakumvuta, alimshika tu. "Jumatatu," akasema, kama anayeomba maji.

Mama Chiriku akautoa mkono wake taratibu, akajikaza kisabuni, akaingia.

* * *

"Mama, dereva hakuchelewa."

Mratibu alikuwa na simu sikioni. Akaishusha.

"Alikuwa Sinema saa moja na nusu. Nilimwona. Wageni hawakuwa Sinema, walikuwa Kioo."

"Lakini wageni wenyewe wamesema walikuwa sinema. Pale Kioo si kuna sinema?"

"Ndiyo kosa lenyewe. Mimi niliandika Sinema kama tunavyosema sisi. Kwenye makochi." Akakifungua kijitabu ukurasa wa tatu. "Nilihesabu hatua za kutoka pale mpaka ukumbini, mara mbili, nikaandika kila kitu. Sikuandika kwamba sinema yenyewe haipo."

Mratibu akautazama ukurasa huo. Alikuwa mwenyeji, yeye mwenyewe alikipitia kijitabu kile na kukitia saini, akausoma ukurasa wa tatu bila neno kumkwaza, kwa sababu naye aliposoma Sinema aliona makochi. Mama Chiriku aliliona wazo hilo likimfikia. Uso ulimbadilika, lakini haukulainika.

"Kwa hiyo mumeo amenidanganya."

"Ndiyo, mama."

"Ili wewe upate mkataba."

"Ili mtoto apate bima."

Chini ya meza ya Mama Chiriku kalamu ya rangi ilikuwa imeacha kukwaruza. Mratibu akauinua mkoba wake. "Jumatatu nitakaa na nyinyi wawili, na siwaahidi kitu. Sikia vizuri, siwaahidi kitu. Sasa twende. Dereva! Washa gari!"

Hapakuwa na mtu wa kuachiwa mtoto, kwa hiyo Chiriku naye akapakiwa. Njiani walikwenda mbio. Chiriku alikaa mapajani kwa mama yake akiyahesabu mapigo ya moyo yaliyokuwa yanamgonga mgongoni, na mama naye, katikati ya hofu zote, aliinamisha sikio kwenye kifua cha mtoto kutafuta filimbi. Jua lilikuwa limepanda. Kila bibi aliyetembea kando ya barabara, Mama Chiriku alimkodolea macho mpaka akageuka kuwa mwingine.

Kwenye kona ya makochi palikuwa na watu wamezunguka kitu.

Baba Chiriku aliona kwanza, akatamka "Ee Mungu wangu" kwa sauti ndogo, akasimamisha gari katikati ya njia. Mama Chiriku alishuka kabla halijatulia. Akapenya baina ya mabega ya watu, akiwa tayari ameshaona akilini mwake shuka likivutwa mpaka usoni.

Bibi alikuwa amekalishwa kwenye ile sofa ya mbao na sponji, isiyovikwa bado. Kichwa kimelazwa kwenye mkono wa kiti, jasho limemlowesha ukosi, viatu vimevuliwa na mtu, vimepangwa vizuri pembeni. Yule fundi wa misumari alikuwa amepiga magoti, anamnywesha soda kidogo kidogo kwa kizibo cha chupa.

"Amedondoka hapa hapa," fundi akasema bila kugeuka. "Kazunguka, kazunguka, mara ya nne miguu ikakataa. Kwenye begi ana kibandiko kimeandikwa kisukari, na anatoka jasho la baridi. Mama yangu alikuwa na sukari. Nikampa soda."

"Umefanya vizuri," Mratibu akasema. Akapiga magoti kwenye vumbi na sketi yake ya mkutano, akaushika mkono wa mgeni. "Mwalimu. Mwalimu, unanisikia? Sisi ndio wenyeji wako."

Bibi alifumbua macho. Yalichukua muda kutulia. Mkono wake mwingine ulikuwa umekikunja kijitabu cha buluu mpaka kimekuwa kama bomba, na alipotaka kusema alikiinua, kama mwanafunzi anayeonyesha daftari.

"Nimekifuata," akasema. Sauti ilikuwa nyembamba. "Kimesema ukipotea uliza. Nikauliza. Watu wazuri, wakanipandisha gari, wakanishusha kabla sijafika, nikatembea. Kila mtu ananiambia, ndiyo, bibi, umefika, hapa ndipo Sinema." Akameza mate. Machozi yalikuwa yamemjaa na hayakudondoka. "Lakini siioni. Nimezunguka mara nne. Daktari aliniambia sukari itaanza na macho. Aliniambia siku moja nitatazama kitu mbele yangu nisikione. Niambieni kweli, wanangu, msinifiche. Ni hivi ndivyo inavyoanza?"

Mratibu akamfuta jasho kwa leso. Fundi akajaza kizibo tena. Mama Chiriku akaanzia kwenye samahani.

Chiriku alipita chini ya mkono wa baba yake, akamsogelea bibi mpaka magoti yao yakagusana.

"Sinema haipo, bibi, ni jina tu."